Duara, Mraba, Pembetatu: Kazi Niliyofundishwa na Otim

Binti mmoja kati yenu alinitembelea juzi akiwa na nembo ya saluni kwenye simu. Alinisogezea karibu na uso kwa sababu anajua jicho langu la kushoto limeingia ukungu. Nikaona mwanamke mwenye nywele zinazopepea, kioo, mkasi, maua, na mwanga wa jua ukipenya katikati ya vyote hivyo. Nikamwuliza ameichora kwa muda gani. Akacheka.

"Sijachora, anti. Nimeiandikia mashine sentensi, ikanitolea."

Nikamwambia ni nzuri, na kweli ilikuwa nzuri. Halafu nikamwomba autoe ule mkasi. Akabonyeza huku na huku, akashindwa. Picha yote ilikuwa imeshikana kama uji uliolala. Nikamwambia basi, tunywe chai.

Alipoondoka nilibaki nikimfikiria Otim, na ndiyo maana leo nawaandikia nyinyi mnaochora kwa kompyuta na kunipigia simu mkikwama. Habari yenyewe si ya kuchangamsha. Mwenye haraka aisome siku nyingine.

Naitwa Truphena. Kwetu ni Kakamega, lakini maisha yangu nimeyamalizia Kampala. Nilikuja na mume wangu aliyekuwa akiuza vipuri vya magari. Alipofariki sikurudi, kwa sababu tayari nilikuwa na kiti changu katika duka la uchapaji pale Kamwokya. Tulitengeneza mabango, mihuri, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Ratiba za mazishi ndizo nilizozipenda. Mwenye harusi huja leo kubadilisha rangi, kesho maua, keshokutwa amebadilisha bibi harusi. Marehemu habadilishi kitu.

Aliyenifundisha kazi hii ni Otim. Baba yake alikuwa polisi kutoka kaskazini, Mwacholi, akaletwa Kampala kikazi, na mtoto akazaliwa kambini. Ndiyo maana wakamwita Otim, jina wanalompa mtoto aliyezaliwa mbali na kwao. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisichojali ngeli hata chembe: kiti yangu, watu zile, maji hii. Mimi Mkenya nikajiona najua, nikawa namsahihisha kila anapofungua kinywa. Siku moja aliweka chini kikombe chake akaniangalia.

"Truphena, wewe nasahihisha mdomo yangu, mimi nasahihisha mkono yako. Tuone nani atamaliza kwanza."

Hakuna aliyemaliza.

Kabla ya kompyuta Otim alikuwa mchora mabango wa brashi. Duara alilipata kwa kufunika sahani ubaoni na kuizungushia penseli. Mraba aliupata kwa rula, na pembetatu kwa karatasi aliyoikunja kona kwa kona. Alisema ukikosa sahani unakunywa chai haraka, unatumia kikombe. Basi kompyuta zilipoletwa dukani na programu yake ya kuchora, sisi wengine tulivamia vivuli, ming'ao na kalamu za kila aina. Yeye alipitisha macho kwenye vitufe vyote, akafika pembeni kulikopangwa maumbo matatu meupe, akasema, "Hizi nazijua." Hapo ndipo alipokaa miaka yote.

Nilimdharau kidogo, lazima niseme, hadi siku ya yule mama wa Ggaba. Alikuwa akiuza samaki pale ufukweni, akataka bango litakaloonekana na mtu anayeshuka teksi. Nilikaa asubuhi nzima na yule samaki. Nilimchora magamba moja moja, mapezi, mashavu, jicho lenye mng'ao. Otim alisogea kwenye kompyuta yangu. Alimchapa kwenye karatasi ndogo, akavuka barabara, akambandika kwenye ukuta wa upande wa pili, kisha akaniita nje.

"Unaona nini?"

Nikakaza macho. "Kandambili," nikasema. "Kandambili chafu."

Tukarudi ndani. Akavuta maduara mawili, akayapishanisha, akafuta kila kitu akabakiza pale tu yalipokutana. Huo ukawa mwili. Akaweka pembetatu, ukawa mkia. Akaweka duara dogo, likawa jicho. Mimi nikaongeza mdomo. "Toa moja," akasema, nikautoa mdomo. Yule mama alipokuja aliridhika, ila akaweka mkono kiunoni.

"Lakini ssebo, hii ni ngege au mputa? Mimi nauza ngege."

Otim akajikuna kichwa, maana ngege ndiye sato mwenye tumbo pana, na mputa ndiye sangara, mrefu. Akayarudisha yale maduara mawili, akayasogeza yakaribiane zaidi, na samaki akanenepa tumbo mbele ya macho yetu. Yule mama akacheka. "Sasa huyo namjua."

Lishikeni hilo, kwa sababu hakuna mashine itakayowaambia. Maduara yakikaribiana samaki hunenepa, yakiachana hukonda. Kwa mkono mmoja kwenye mausi unaweza kubadilisha aina ya samaki bila kugusa kalamu.

Baada ya hapo ndipo alipoanzisha mchezo wa Ijumaa. Kazi ikishapungua, baada ya chakula cha mchana, alitupa kitu cha kuchora na umbo la kukichorea. Rangi nyeusi peke yake. Mstari wa kuvuta kwa mkono marufuku. Ruhusa ilikuwa kuzungusha, kukuza, kupunguza, kukata umbo moja kwa jingine, basi. Mwenzetu mmoja alipewa mvua kwa miraba mitupu, akanuna hadi jioni. Mimi nilipewa mbuzi kwa maduara matupu, nikatoa kabichi yenye miguu. Otim alicheka hadi akajifuta machozi kwa mkono wa shati. Lakini Ijumaa nyingine aliposema soko la Kalerwe kwa pembetatu, nilikumbuka wanavyopanga nyanya kwa mafungu, fungu moja chini ya mwavuli mmoja. Nikapanga pembetatu ndogo zimesimama na kubwa zimezifunika kwa juu, safu nyuma ya safu, nazo za nyuma nikazipunguza. Alipoiona hakucheka. Alisogeza kiti, akaiangalia muda mrefu.

"Hii nasikia hata kelele yake," akasema.

Sijapata sifa nyingine kama hiyo katika maisha yangu ya kazi.

Niliwahi kumwuliza kwa nini anatutesa wakati programu ina kila kitu. Akanijibu kwamba ukipewa kila kitu unachagua kama mlevi, ukipewa vitatu unalazimika kujua unachotaka kusema. Nilidhani anazungumzia mabango.

Ijumaa moja tulikaa tukingoja atupe kitu cha kuchora. Alikuwa ameketi kwenye kompyuta yake, ameweka mkono juu ya mausi, na ile mausi ikawa inamteleza. Akaishika tena, ikateleza tena. Akanigeukia, akataka kuniita.

"Sufuria," akasema.

Tukacheka. Alikuwa mtu wa mizaha, tukafikiri anatania, au labda ndicho kitu cha kuchora siku hiyo. Akarudia, "Sufuria," safari hii macho yamemtoka, naye haelewi kwa nini tunacheka. Ndipo nikaona upande mmoja wa mdomo wake umeshuka. Kile kicheko bado nakisikia. Ndicho kitu cha mwisho tulichompa akiwa kwenye kiti chake.

Kilikuwa kiharusi. Alilazwa hospitali, kisha akarudishwa nyumbani kwake, chumba na sebule katika nyumba za safu hapo hapo Kamwokya. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukawa wa kuburuta. Maneno yalikwenda yote isipokuwa moja, na hilo moja lilikuwa "basi." Jaribuni kufikiria. Akitaka maji, basi. Akitosheka na maji, basi. Ukimwumiza, basi. Ukimfurahisha, basi. Mkewe Zaitun, Mnubi wa Bombo, mwanamke mchangamfu ambaye nilikuwa nikimwona dukani akileta chapati na maneno ya kututania, alidhoofika kwa lile neno. Alikuwa akiinama juu ya kitanda akiuliza, "Basi gani, baba? Basi gani?" Naye Otim anafumba macho.

Muuguzi mmoja alimshauri Zaitun atumie picha, akampa karatasi iliyonakiliwa mara nyingi hadi ikafifia, imejaa vijipicha vya watu wenye suti na vitanda vya magurudumu. Otim aliitazama mara moja akageukia ukuta. Zaitun akaniletea dukani.

"Dada Truphena, nyinyi ndio watu wa picha. Nichorewe ambazo atazielewa."

Nilirudi kwenye kompyuta nikiwa na hakika ya ushindi. Miaka yote ya Ijumaa ilikuwa imenitayarishia kazi hiyo, au ndivyo nilivyojiambia. Nikachora tone la maji, duara na pembetatu juu yake. Nikachora maumivu, pembetatu kali iliyochoma duara. Nikachapa kwenye karatasi ngumu, nikakata kadi za ukubwa wa kiganja, nikaenda nazo nikitembea haraka.

Otim alipoona tone la maji aligeuza macho kuelekea jikoni. Zaitun akaichukua, akaitazama vizuri.

"Anafikiri ni kitunguu." Akaokota ile ya maumivu. "Na hii, dada? Sambusa imechoma chungwa?"

Tulicheka sisi wawili, halafu tukaacha kucheka, kwa sababu Otim alikuwa akituangalia. Nikajua nimechora kwa ajili ya watu wanaochora. Mtu mgonjwa hana nafasi ya kustaajabia akili yako. Nikarudi, nikachora kikombe, mstatili wenye mstatili mweusi nusu ndani yake. Akakigusa siku hiyo hiyo, Zaitun akampa maji, akanywa.

Maumivu yalinisumbua zaidi. Nilichora vingi nikatupa. Mwishowe nikachora mtu tu, duara la kichwa, mstatili wa mwili, mistatili ya mikono na miguu. Kisha nikakata pembetatu ndogo nyeusi, nikaiacha huru, bila kuigandisha popote. Nikamwekea Otim kiganjani, mkono wa kushoto. Aliishika, akaisogeza juu ya yule mtu, akaiweka begani, bega la kulia. Akaniangalia mimi, kisha Zaitun.

Zaitun alishika mdomo. Kila asubuhi alikuwa akimgeuza kwa kumvuta bega lile. Kila asubuhi alisikia "basi," akidhani anamwambia inatosha, amegeuka. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, nikamsikia akilia kwa sauti ya chini ili Otim asisikie. Kutoka siku hiyo alimgeuza kwa kumshika mgongoni.

Kazi ya kadi iliendelea hivyo, na nawaambia Otim alibaki kuwa mwalimu. Ile ya usingizi nilichora kitanda, mto, na mtu amelala. Aliifunika nusu kwa kidole gumba, akaniangalia. Nikaenda kumtoa mtu, kikabaki kitanda. Akaikubali. Ya sala nilichora mbili, kwa kuwa yeye alikuwa Mkatoliki na Zaitun Mwislamu, na katika nyumba ile rozari ilining'inia msumari mmoja na tasbihi. Msalaba ni mistatili miwili. Mwezi mwandamo ni duara lililokatwa kwa duara. Siku ya kwanza aligusa mwezi, Zaitun akashangaa, akamwuliza kama anataka aitiwe shehe. Otim akasema "basi," akaugusa mwezi tena, kisha akamnyoshea kidole yeye. Mwezi ulikuwa Zaitun. Alikuwa amepata namna ya kumwita mkewe kwa jina, na kuanzia hapo alimwita mara nyingi kuliko alivyomhitaji.

Halafu siku moja nikamkuta amezitupa kadi zote sakafuni. Zaitun anaziokota, anamrudishia, anazitupa tena. Nikasema labda amechoka. Zaitun akasimama na kadi mkononi.

"Hajachoka. Anataka kukataa, na wewe hujampa cha kukatalia. Angalia: maji, chakula, choo, usingizi, sala. Zote ni za kuomba. Wewe ungeweza kukaa siku nzima bila kusema hapana?"

Sikuwa nimefikiri. Miezi yote ile hakuna aliyekuwa amefikiri. Nikachora mistatili miwili minene iliyopishana, kama alama ya mwalimu kwenye hesabu iliyokosewa. Ilikuwa kadi rahisi kuliko zote, nayo ndiyo ilichakaa kwanza. Alikataa uji. Alikataa redio ya jirani. Alimkataa mchungaji aliyekuja kumwombea akipaza sauti kama mnadani, na mimi nikalazimika kumweleza yule mchungaji kwa adabu kwamba hiyo ni alama ya uchovu. Kwa majuma machache nyumba ile ilikuwa na kicheko tena.

Ndipo akaja Ojara, kaka yake mkubwa. Naye alikuwa polisi, amestaafu akiwa sajini, akarudi kaskazini kwenye shamba la baba yao. Alikaa kwenye kiti akiwa amenyooka, kofia yake gotini.

"Mimi nimekuja kuchukua ndugu yangu," alisema. "Mama iko hai. Kila siku yeye nauliza mimi, Otim iko wapi. Mzee yule nataka kuona mtoto yake kabla macho hajafunga."

Zaitun alikuwa amesimama mlangoni. "Shemeji, hapa ndipo nyumbani kwake. Daktari wake yuko hapa."

"Nyumbani yake iko kwa baba yake."

"Amezaliwa Kampala, shemeji. Amekaa Kampala."

"Hiyo unasema wewe. Yeye hajasema."

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Zaitun alijua kwamba kule angekuwa mgeni, mwanamke wa dini nyingine, asiyejua lugha, na mumewe angekuwa mali ya watu wengine. Na yule mama mzee alikuwa kweli anangoja. Nikasema basi aulizwe mwenyewe. Nilikwenda dukani nikachora nyumba mbili. Moja ilikuwa mstatili mrefu wenye milango mingi, safu ya Kamwokya. Nyingine ilikuwa pembetatu pana iliyokalia mraba mdogo, nyumba ya nyasi.

Ojara alizichukua, akazigeuza, akatuangalia mimi na Zaitun kwa macho ya polisi.

"Nyinyi tokeni. Mbele yenu ataogopa."

Tukatoka. Tulikaa kwenye ngazi, Zaitun akikunja na kukunjua upindo wa leso yake. Ndani tulisikia sauti ya Ojara, Kiacholi, polepole, kisha ukimya, kisha sauti tena. Alikaa sana. Alipotoka kofia ilikuwa bado mkononi.

"Amekataa," akasema. "Nimeweka huku, nimeweka huku, nimeficha, nimerudisha. Anagusa hii ya milango." Akavuta pumzi. "Halafu anagusa ile ingine ya kukataa, anaweka kwa mkono yangu. Anaweka hapa." Akatuonyesha kiganja.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimshika Zaitun mkono, akavaa kofia, akashuka ngazi kwenda kutafuta basi la kumrudisha kwao. Nilimwangalia mgongo wake nikafikiri, hii nayo ni kazi ya mikono yangu.

Mvua za msimu zilipoanza hali ya Otim ilishuka. Kifua kilimbana, akawa anakula kidogo sana. Jioni moja nilipopita kutoka kazini nilimkuta akitafuta kitu ndani ya kadi. Anagusa moja, anaisukuma. Anagusa nyingine, anaisukuma. "Basi," anasema. "Basi, basi." Zaitun alikuwa ameketi pembeni akichambua mchele, hanyanyui kichwa. Nikakaa kitandani, nikazipanga zote nikamwekea moja moja. Nilipofika mwisho nikaona nyumba ya nyasi haimo.

"Zaitun, ile kadi ya nyumba iko wapi?"

"Ipi?"

"Unaijua."

Aliendelea kuchambua mchele. Vidole vilikuwa vinakwenda haraka kuliko macho.

"Ameitafuta tangu Jumapili," akasema hatimaye. "Naona anavyoitafuta. Nikimpa, ataondoka, dada. Kwenda kule ni kwenda kufa, na yeye anajua."

Ningemwambia nini, mimi ambaye mume wangu alikufa ghafla bila kuniachia hata neno? Ningeweza kwenda dukani nikachapa nyingine, karatasi ilikuwapo. Zaitun alilijua hilo. Lakini niliona kwamba kama kadi ile ingetoka kwangu, asingesamehe mtu yeyote, wala yeye mwenyewe. Basi nikakaa. Otim naye alikuwa akimwangalia Zaitun.

Zaitun aliweka ungo chini. Akainua godoro upande wa miguu, akaitoa, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Akamwekea kifuani. Otim aliigusa ile nyumba. Kisha akazipekua nyingine kwa mkono wake mmoja, taratibu, akatafuta mwezi mwandamo, akauburuta hadi ukagusana na ile nyumba. Akaviwekea kiganja vyote viwili pamoja.

Hakuwahi kuweka kadi mbili pamoja kabla ya hapo.

"Anasema niende naye," alisema Zaitun. Akauliza kama anayegombana, "Unasema niende na wewe?" Otim hakutoa kiganja.

Ojara alikuja na gari la jamaa yake. Safari hii hakukaa kwenye kiti. Zaitun alimwonyesha zile kadi mbili, akamweleza, na yule mzee akaziangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama yetu hajui Kiswahili," alimwambia Zaitun. "Lakini nitamwambia wewe ni nani."

Walimbeba Otim wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mkewe. Niliinama dirishani. Nilitaka anigusie kitu, kadi yoyote, hata ya kikombe. Aliniangalia tu, na upande ule mzima wa uso wake ulikuwa umetulia. Gari likaondoka katika matope.

Mimi nilirudi kazini. Ijumaa hakuna aliyetoa kitu cha kuchora, nami sikujaribu. Vijana wa dukani walikuwa wazuri, lakini walikuwa wameanza kuchukua picha zilizokwisha tengenezwa, wakibadilisha majina tu, na wateja hawakuona tofauti. Baadaye kifundo cha mkono kikaanza kuuma, jicho likaingia ukungu, nikampisha mwingine kwenye kiti.

Mnaponiuliza siri ya kazi mnataka niwaambie habari za rangi na herufi. Mimi ninawaomba mcheze ule mchezo. Chukua umbo moja, chora kitu kigumu, kibandike ng'ambo ya barabara. Si kwa ajili ya wateja, wateja watanunua hata kandambili. Fanyeni kwa sababu ipo siku mtu atakuwa amebakiwa na mkono mmoja na neno moja, na atahitaji kutoka kwenu kitu cha kusemea, na hatakuwa na nguvu ya kuwasubiri mjifunze. Na mkimchorea, mchoreeni kwanza hapana.

Si muda mrefu baada ya gari lile kuondoka, Zaitun alinipigia simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa imekauka. Walikuwa wamemzika jana yake, nyuma ya nyumba, kando ya baba yake. Mama mzee alimwona mwanawe, alikaa naye, alimlisha kwa mkono wake. Nikamwambia pole, nikamwuliza kama anatendewa vizuri, akasema ndiyo, wamempa mahali pa kuswali. Kisha nikauliza swali la mtu wa kazi.

"Mwishoni aligusa kadi gani?"

"Hakugusa, dada. Siku zile za mwisho alizisukuma zote, hata ile ya kukataa. Alikuwa amechoka kuulizwa."

Hatukuikata simu. Nikawa nasikia upande wake kuku, na wanawake wakiosha masufuria ya matanga, hadi chaji yake ilipoisha.